Heshima kwa wachezaji na makocha wa zamani: kazi inayoweza kuanza ku masomo

Wandugu, muulize mutoto yeyote wa Kamalondo, hapa Lubumbashi, nani alikuwa kipa wa Mazembe mwaka 2010. Atakujibu mbio mbio: Kidiaba. Hata atakaa chini akuonyeshe namna Kidiaba alivyokuwa anarukaruka kwa makalio kila timu yake ilipofunga. Kisha muulize nani alifunga goli lililoipa inchi yetu Kombe la Afrika kwa mara ya kwanza, mwaka 1968. Hapo wengi wananyamaza, na si watoto peke yao. Jibu ni Pierre Kalala Mukendi, aliyechezea timu ile ile, wakati ilipokuwa bado inaitwa Englebert.

Juu ya nini mumoja anajulikana na mwengine amesahauliwa? Kidiaba tulimuona ku televisheni. Kalala alicheza zamani, na jina lake halikuandikwa mahali ambapo mutoto anapita kila siku. Makala hii inaeleza mambo matatu: namna mupira wa Lubumbashi ulivyotoka ku masomo, heshima gani tumewapa wachezaji na makocha wetu wa zamani, na namna gani masomo, hata madogo, yanaweza kuwaheshimu bila feza nyingi.

TIMU ILIYOZALIWA KU MASOMO

Watu wengi wanajua Mazembe kama timu ya vikombe na ya ndege. Lakini mwanzo wake ulikuwa mudogo. Mwaka 1939, wakati Lubumbashi ilikuwa bado inaitwa Elisabethville, mapadri Wabenedikto waliongoza masomo ya Saint-Boniface. Kulikuwa pale vijana ambao hawakutazamiwa kuwa mapadri, na wamisionari walitafuta kitu cha kuwashugulisha. Walianzisha kundi la skauti, na ndani ya lile kundi wakaunda timu ya mupira. Timu ilipewa jina la mtakatifu msimamizi wa skauti: Saint-Georges. Padri Grégoire Coussement ndiye anayetajwa sana katika habari za mwanzo huo.

Ile timu ya wanafunzi iliingizwa moja kwa moja katika daraja la kwanza la mashindano ya Waafrika mujini. Musimu wake wa kwanza ilimaliza ya tatu. Mwaka 1944 ilibadilisha jina, ikawa Saint-Paul. Kisha wachezaji wasiokuwa wa masomo wakaanza kuingia, na wamisionari wakaacha kuiongoza. Timu ikapata mufazili mupya, kampuni ya Ubelgiji iliyotengeneza matairi ya magari kwa jina la Englebert, na ikachukua jina hilo. Mwaka 1966 ilikuwa bingwa bila kushindwa, ndipo ikaongezewa jina la « Tout Puissant », maana yake mwenye nguvu zote. Herufi T na P katika TP Mazembe zinatoka hapo.

Mwaka ule ule wa 1939 wafanyakazi wa reli nao walianzisha timu yao, Saint-Éloi, ambayo leo ni Lupopo. Kwa hiyo mashabiki wa hizi timu mbili, wanaogombana kila siku ya derby, wanashangilia vitu vilivyoanzishwa na watu wa kawaida: wanafunzi na mwalimu wao upande mumoja, wafanyakazi wa reli upande mwengine. Muzazi anapoona timu ya masomo inakimbia ku kiwanja cha mavumbi, asiizarau. Mazembe nayo ilianzia hapo.

MAJINA YA KUKUMBUKA

Haya ni baadhi ya majina ambayo kila masomo ya Lubumbashi yanaweza kuyafundisha. Si yote, lakini ni mwanzo.

Pierre Kalala Mukendi. Mshambuliaji wa Englebert. Tarehe 21 Januari 1968, Addis Ababa, alifunga goli moja lililoshinda Ghana katika fainali ya Kombe la Afrika. Kocha wa inchi wakati ule alikuwa Ferenc Csanádi, mutu wa Hungaria. Englebert nayo ilichukua Kombe la mabingwa wa Afrika la mwaka 1967 na la 1968, ikawa timu ya kwanza kulichukua mara mbili mfululizo. Mwaka 1967 walitoka sare mara mbili na Asante Kotoko ya Ghana, na mechi ya tatu Kotoko hawakufika. Mwaka 1968 waliipiga Étoile Filante ya Lomé magoli 5 kwa 0 nyumbani. Kule Togo walishindwa 4 kwa 1, lakini kikombe kikabaki Lubumbashi. Walirudi tena fainali mwaka 1969 na 1970.

Kazadi Mwamba. Kipa wa Mazembe na wa Leopards. Alikuwa katika timu iliyochukua Kombe la Afrika mwaka 1974 kule Misri. Miezi michache baadaye, katika Kombe la Dunia kule Ujerumani, kocha Blagoje Vidinić alimutoa dakika ya 21 wakati Yugoslavia ilikuwa tayari imefunga magoli 3. Mechi iliisha 9 kwa 0. Wengi wanakumbuka zile 9 na kusahau kombe la miezi mitatu mbele yake.

Tshimen Bwanga. Beki wa Mazembe. Mwaka 1973 alichaguliwa mchezaji bora wa Afrika.

Mwepu Ilunga. Beki mwengine wa Mazembe. Dunia nzima imemuona: ni yule aliyetoka mbio ku ukuta na kupiga mupira wa faulo wa Brazil mbele wao wenyewe hawajaupiga, mwaka 1974. Wazungu walicheka miaka mingi, wakasema Waafrika hawajui sheria. Yeye alikuja kueleza kwamba sheria aliijua vizuri. Walikuwa na hasira juu ya feza ambazo hawakulipwa. Alikufa mwaka 2015. Kwa mutu aliyefika fainali za Afrika na timu yake na kuchukua Kombe la Afrika na inchi yake, kukumbukwa kwa shuti moja tu si haki.

Pamphile Mihayo. Alichukua Kombe la mabingwa akiwa mchezaji mwaka 2009 na 2010. Disemba 2010 alikuwa katika timu iliyofika fainali ya Kombe la Dunia la vilabu kule Abu Dhabi, timu ya kwanza kufika pale isiyotoka Ulaya wala Amerika ya Kusini. Kisha akawa kocha, na mwaka 2017 akaichukulia Mazembe Kombe la Shirikisho. Ni mufano muzuri wa mutu ambaye elimu yake ya mupira ilibaki nyumbani.

Robert Kidiaba. Kipa wa ile timu ya 2009, 2010 na 2015. Alipoacha kucheza hakuondoka. Alibaki Mazembe kufundisha makipa.

Wasichana wa Mazembe. Mwaka 2024 walichukua Kombe la mabingwa wa Afrika la wanawake kule Maroko, wakiongozwa na kocha Lamia Boumehdi, mwanamuke wa Maroko. Mwaka ule CAF ilimuchagua Boumehdi kuwa kocha bora katika mupira wa wanawake Afrika. Masomo yakiandika majina ya wanaume peke yao, itakuwa wameandika nusu ya habari.

HESHIMA TULIYOWAPA MUPAKA LEO

Tuangalie viwanja. Kiwanja kikubwa cha Lubumbashi kina jina la Frédéric Kibassa Maliba, mwanasiasa, mumoja wa wale walioanzisha chama cha UDPS. Bukavu wana kiwanja cha Concorde, Goma wana Unité, Kisangani wana Lumumba. Ni majina mazuri, hakuna anayekataa. Lakini katika hivi viwanja vine, hakuna hata kimoja chenye jina la mutu aliyecheza ndani yake.

Kinshasa ndiko tunaona kitu tofauti kidogo. Kiwanja kilichofunguliwa mwaka 1952 kiliitwa Roi Baudouin, kisha 20 Mai, na leo kinaitwa Tata Raphaël. Ni pale Ali na Foreman walipopigana mwaka 1974. Tata Raphaël alikuwa padri wa Scheut, Raphaël de la Kethulle, aliyefika mwaka 1917 na kufanya kazi ya masomo na michezo ya vijana mupaka alipokufa mwaka 1956. Timu ya Daring, DCMP ya leo, ilianzishwa naye mwaka 1936. Kwa hiyo kiwanja kimoja kikubwa cha inchi yetu kina jina la mwalimu aliyechezesha watoto. Inawezekana basi.

Kuna pia heshima ya zawadi. Kisha Kombe la Afrika la 1974, wachezaji wenyewe wameeleza kwamba Mobutu aliwapa gari na nyumba. Zilikuwa zawadi kubwa. Lakini gari inazeeka, na mwenye kutoa anaweza kubadilika roho: kisha Kombe la Dunia la mwaka ule ule, ile furaha ya serikali iliisha. Wachezaji walirudi nyumbani wakiwa sawa watu waliokosea inchi.

HABARI YA NDAYE MULAMBA

Tunapaswa kusimulia habari ya Ndaye Mulamba, hata kama hakuchezea timu ya Lubumbashi. Alizaliwa Kananga, alicheza V.Club ya Kinshasa, na ni yeye aliyefunga magoli 9 katika Kombe la Afrika la 1974. Mupaka leo hakuna mwengine aliyefunga magoli mengi hivyo katika kombe moja. Fainali na Zambia ilichezwa mara mbili, 2 kwa 2, kisha 2 kwa 0. Magoli yote mane ya Zaire yalikuwa yake.

Mwaka 1994 CAF ilimuita Tunisia, kwenye Kombe la Afrika, imupe heshima mbele ya watu. Alipokea, akarudi nyumbani. Wezi walizania kwamba mutu aliyeitwa na wakubwa wa Afrika lazima amerudi na feza. Walimushambulia na kumupiga risasi ya muguu. Feza wanazotafuta hazikuwepo. Alipona kwa musaada wa mutu wa mupira aliyemuchukua kwake kwa miezi minane. Kisha vita ilikuja, mutoto wake mukubwa akauawa, na mwaka 1996 Ndaye akakimbilia Afrika ya Kusini. Kule aliishi maisha ya mukimbizi, bila feza, bila watu kumujua.

Mwaka 1998, Burkina Faso, kabla ya mechi ya Kombe la Afrika, watu walisimama dakika moja kumukumbuka marehemu Ndaye Mulamba. Kumbe marehemu alikuwa hai, Afrika ya Kusini. Waliomuheshimu hawakujua hata kama anapumua. Alikufa kweli tarehe 26 Januari 2019, Johannesburg.

Habari hii ina mafunzo mawili kwa kila mutu anayetaka kufanya sherehe ya heshima. La kwanza: heshima ya siku moja, bila kumufuata mutu nyumbani na kujua hali yake, haimusaidii. La pili, ambalo tunasahau: katika inchi yenye taabu, kumuita mutu mbele ya watu na kutangaza bahasha kunaweza kumuletea hatari. Medali isiwe alama ya kumuonyesha mwizi ni nyumba gani.

WENGINE WANAFANYA NAMNA GANI

Twende Kenya, ku muji mudogo wa Iten, juu ya milima. Pale kuna masomo ya sekondari ya wavulana ya St Patrick's. Mwaka 1976 Bruda Colm O'Connell alitoka Ireland kuja kufundisha jiografia. Hakuwa kocha wa mbio. Alijifunza kazi hiyo pale pale, pamoja na wanafunzi. Kutoka masomo hayo walitokea Peter Rono, bingwa wa Olimpiki wa mita 1500 mwaka 1988. Matthew Birir, bingwa wa Olimpiki wa mbio za kuruka viunzi na maji mwaka 1992. Na Wilson Kipketer, aliyekuwa bingwa wa dunia wa mita 800 mara tatu akikimbilia Denmark. Bruda Colm ndiye pia aliyemufundisha David Rudisha, aliyekimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 40.91 kule London mwaka 2012.

Wale watu wa Iten wanaheshimu mabingwa wao kwa kupanda miti. Mwanafunzi wa zamani akichukua ubingwa mukubwa, mti unapandwa ku kiwanja cha masomo na kibao chenye jina lake kinawekwa hapo. Mutoto mupya akifika mwaka wa kwanza anapita kati ya hiyo miti akienda darasani. Anasoma majina. Anaona kwamba wale watu walikaa ku benchi sawa yake. Feza ya mti ni ngapi? Na mti hauzeeki kama gari. Kila mwaka unakua zaidi.

Marekani nako, vyuo vingi, hata vidogo, vina ukuta wa heshima kwa wanamichezo na makocha wao. Kunakuwa komite, inapokea majina, inangojea miaka fulani ipite kisha mutu kumaliza, ndipo inachagua wachache kila mwaka. Vilabu vya kule vina desturi nyengine: kuondoa namba ya jezi ili mwengine asiivae. Dikembe Mutombo wetu, aliyesoma Boboto kule Kinshasa, namba yake 55 iliondolewa na Hawks ya Atlanta na Nuggets ya Denver, na mwaka 2015 aliingizwa katika jumba la heshima la basketi la Springfield. Alikufa Septemba 2024, na heshima zile zote alizipokea akiwa hai.

NAMNA MASOMO YENU YANAWEZA KUANZA

Hapa hatuhitaji kungojea Kinshasa, wala wizara, wala mutajiri. Prefe, walimu wawili watatu, wanafunzi wa zamani na komite ya wazazi wanatosha.

1. Kutafuta majina. Fungueni rejista za zamani. Tafuteni picha za timu zilizotundikwa ku ofisi au zilizo ku nyumba za watu. Muulize mwalimu wa gimnastiki aliyestaafu. Muulize na muzee aliyekuwa anapiga chaki ku kiwanja. Mutakuta mukimbiaji wa kike aliyewakilisha provensi, mucheza basketi, kocha aliyefundisha miaka 20 bila mushahara wa kocha.

2. Kuhakikisha. Bazee wanasemaka vitu vingi, na kila mumoja alifunga goli la ushindi. Linganisheni maneno ya watu wawili watatu na picha au karatasi. Kisicho na ushahidi kisiandikwe ku ukuta.

3. Kuweka sheria ya kuchagua, mbele ya kutaja mutu. Kwa mufano: awe alisoma au alifundisha hapa, awe ameacha kucheza miaka 5, awe alifanya kitu kinachojulikana, wasizidi watatu kwa mwaka, kati yao kuwe mwanamuke na kuwe kocha kila inapowezekana. Mwanasiasa aliyetoa jezi mbele ya uchaguzi ashukuruwe kwa barua. Ukuta ni wa wanamichezo.

4. Kuchagua siku. Siku ya proklamasio ni nzuri kuliko nyengine. Wazazi wako pale, wanafunzi wako pale, viti vimekwisha kukodishwa. Muite mutu huyo mbele ya kutangaza matokeo, musome habari yake dakika tano, na mutoto wa masomo amupe maua au jezi.

5. Kuacha alama inayobaki. Ubao wa mbao wenye rangi nzuri, mti na kibao, au tournoi ya kila mwaka yenye jina lake. Kiwanja cha masomo pia kinaweza kupewa jina. Andikeni jina lote, muchezo, na miaka. « Kocha Jean » haitoshi. Kisha miaka 30 hakuna atakayejua ni Jean gani.

6. Kulinda na kumufuata. Kama kuna musaada wa feza, upelekwe kimya kimya, bila kutangazwa ku mikro. Mutu mumoja wa komite achukue kazi ya kumutembelea mara mbili tatu kwa mwaka: anaumwa? anakula? anahitaji karatasi gani? Na kama ana nguvu, mumukaribishe aje kufundisha watoto siku moja kwa juma. Kwa kocha wa zamani, filimbi mukononi ni heshima kupita hotuba.

7. Kuchukua sauti. Telefone ya mutu yeyote inaweza kurekodi. Muketi na muzee, muulize: ulianza wapi, nani alikufundisha, viatu ulipata wapi, siku gani ulilia. Andikeni ku rekodi jina na tarehe, na muweke nakala mbili, mahali mbili tofauti. Telefone inaibiwa.

KWA KUMALIZA

Kizazi cha Englebert, cha 1967 na 1968, kimezeeka. Wengi wamekwenda, na wale waliobaki hawatangojea komite imalize kubishana juu ya rangi ya ubao. Mwaka wa masomo una proklamasio moja tu. Kama masomo yenu yana mutu wa namna hii, anayeishi labda ku avenue ya tatu kutoka hapo mulipo, aliyecheza, aliyekimbia au aliyefundisha wengine kukimbia, mwende kumusalimia juma hili. Chukueni daftari. Jina lake muliandike wakati yeye mwenyewe anaweza kuwasahihisha.